Pikipiki Isiyovuja

Tak-tak-tak-tak. Niliisikia pazia likiwa bado limefungwa na chai haijachemka, na kabla sijaona chochote nilikuwa nimeshakasirika. Sauti ilipanda kutoka upande wa uwanja wa Kinoru, hapa mjini ninapoishi sasa, ikakata kona kwenye bucha, ikaja hadi chini ya dirisha langu na kusimama pale ikitetemeka, kavu, kama mtu anayegonga kijiko kwenye sufuria tupu. Halafu ikafuata ile harufu. Oili inayoungua haina haraka. Hupanda ngazi polepole, huingia chini ya mlango, hukaa.

Nilifungua dirisha. Kijana wa bodaboda alikuwa anamngoja jirani yangu, mwalimu wa chekechea, huku akisugua tangi la pikipiki kwa kitambaa safi.

"Kijana," nikamwita, "hiyo injini haipati oili huko juu."

Akainua uso na kunipa lile tabasamu la upole ambalo wanaume humpa mwanamke anayezungumzia injini.

"Oili iko, madam. Nimeweka juzi. Hii huimba tu."

Huimba tu. Nilifunga dirisha hadi kioo kikalia. Kuna watu ambao wimbo fulani huwakumbusha harusi, au mtu waliyempenda chuoni. Mimi wimbo wangu ni huo, na kila mji nilioishi pana mwanaume mmoja anayeukalia mgongoni asubuhi hadi jioni na kuuita kuimba.

Nyumbani kwetu ni juu ya Runyenjes, pale kahawa inapoishia na chai kuanza, ambako ukungu wa mlima hushuka na kuingia hadi jikoni. Barabara ni ya udongo mwekundu, inapanda na kushuka kiasi kwamba chombo chochote chenye injini husikika muda mrefu kabla ya kuonekana. Watoto wa huko hujifunza sauti kabla ya herufi. Tulilijua lori la kiwanda cha chai kwa jinsi lilivyokohoa likibadilisha gia. Tuliijua pikipiki ya Mugendi, rafiki wa baba, kwa ekzosi yake iliyotoboka. Na mimi, kuliko mtoto mwingine yeyote pale kijijini, niliijua ya baba.

Kabla ya pikipiki, baba alikuwa mgeni. Alifanya kazi Muthara, huko Tigania, kwa mfanyabiashara mmoja wa miraa. Alipakia mizigo, akaisindikiza, akalala kwenye chumba cha nyuma ya stoo. Alikuja nyumbani kwa nadra, na alipokuja mama alimpa chai katika kikombe chenye maua, kile ambacho sisi wengine hatukuruhusiwa kukigusa. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kofia magotini, kama mtu aliyepita kuuliza njia. Nilimwamkia nikakimbilia jikoni kujificha. Siku moja aliniuliza niko darasa la ngapi. Mama akaitua sufuria chini kwa kishindo, akatoka nje.

Nadhani ni siku hiyo ndipo mama alipoamua. Aliuza mtamba wake, yule mwekundu aliyekuwa karibu kuzaa, na ikaja pikipiki, nyekundu vilevile, iliyokwisha kutumika na mtu mwingine lakini bado yenye kung'aa. Alimkabidhi baba funguo uani mbele yangu na mbele ya majirani waliokuja kuitazama.

"Njeru," akasema, "hii kitu ikitembea, wewe unalala hapa."

Baba akacheka. "Na isipotembea?"

"Isipotembea unajua kwa kwenda. Yule tajiri wako bado hajaandika mwingine."

Watu wakacheka pia. Mimi sikucheka. Watoto hawajui kwamba masharti ya watu wazima huwa nusu mzaha. Niliitazama ile pikipiki na kuelewa jambo moja tu, wazi kabisa: ikitembea, baba yupo. Na alikuwepo. Alikula githeri nasi jioni. Alijifunza darasa langu na jina la mwalimu wangu. Alihama kutoka kiti cha mlangoni akaja karibu na moto, na mama akaanza kumgombeza kama anavyogombezwa mtu wa nyumbani.

Kazi yake ilikuwa kubeba majani ya chai. Wanawake wa kijiji walichuma tangu umande haujakauka, na baba aliyapakia magunia yao ya neti nyuma ya pikipiki na kuyawahisha kituoni kabla lori la kiwanda halijafika. Sasa, majani mabichi ya chai yana tabia moja: hunyonya harufu ya chochote kilicho karibu. Moshi, samaki, kitunguu, petroli. Kwa hiyo karani wa kituo, ingawa aliajiriwa kupima, kazi aliyoipenda ilikuwa kunusa. Alizamisha uso mzima ndani ya gunia, akabaki humo, akatoka amefumba macho, huku wanawake wamesimama kimya kama wanaongoja baraka.

Pikipiki ya baba ilikuwa inavuja. Si sana. Ilitokwa na jasho la oili upande wa kulia wa injini, pale mfuniko unapokutana na mwili, na mvua ilipoanza, magunia yalilemewa na maji, yakaning'inia chini hadi yakagusa pale. Siku moja lilikuwa gunia la Mama Ireri, jirani yetu, mwanamke ambaye hakuwahi kusema neno kwa sauti ya chini. Karani alizamisha uso na kuutoa haraka.

"Haya yananuka gereji."

"Ati nini?" Mama Ireri akasema.

"Gereji. Nusa mwenyewe."

"Mimi niko na homa, pua imeziba. We pima tu."

"Siwezi kuwapelekea hii kiwandani, mama. Watanirudishia na mimi ndani ya gunia."

Majani yalimwagwa kwenye nyasi. Kazi ya mchana mzima, mikono ya mwanamke mmoja, ikalala pale ikinyeshewa. Mama Ireri aliyatazama, kisha akamgeukia baba.

"Njeru, wewe tulikupatia chai ubebe ama ukaange?"

Kituo kizima kililipuka kwa kicheko. Mugendi alicheka hadi akashika nguzo. Baba naye alicheka kuliko wote, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na nilipomtazama niliona kwamba masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

Mtu mwingine angempelekea fundi. Runyenjes palikuwa na fundi, anaitwa Nyaga, mtu mfupi mwenye maneno mengi, na kazi yenyewe ilikuwa ya asubuhi moja. Lakini kwa Nyaga daima kuna watu wamekaa kwenye matairi, na habari za chai iliyonuka gereji zilikuwa zimeshafika kwao. Kwa hiyo baba alinunua tyubu ya gundi ya gasketi, ile ya kuziba maungio ya injini, akaja nayo nyumbani mfukoni kama mtu aliyeficha peremende, na Jumamosi akaifungua injini mwenyewe chini ya ukingo wa bati.

Inatakiwa uzi mwembamba tu wa ile gundi. Hilo nililijua ukubwani. Baba aliipaka kama siagi ya Krismasi. Aliminya hadi tyubu ikawa bapa, akaikunja kutoka mkiani kama dawa ya meno inayoishia, akaminya tena. Alipofunga mfuniko na kukaza bolti, gundi ya kijivu ilijitokeza pande zote kama uji unaofurika sufuria. Akachukua wembe akaikata yote iliyotokeza nje, taratibu, ulimi kwenye kona ya mdomo, hadi injini ikawa nadhifu kuliko ilipotoka kiwandani. Kwamba imefurika vilevile upande wa ndani, ambako wembe haufiki, hakuliwaza. Wala mimi. Nilimwona ni fundi mkubwa kuliko Nyaga.

Tangu jioni hiyo aliweka kadibodi chini ya injini. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kuchuchumaa na kuikagua.

"Hakuna tone, Baba!"

"Hata moja?"

"Hata moja!"

Alitembea uani akiwa mrefu zaidi. Kituoni karani alinusa na kuinamisha kichwa kwa heshima. Baba aliwaonyesha watu ile injini kavu, akawaambia wapitishe kidole. Nami nilielewa mambo hivi: oili isiyotoka nje iko ndani, na ikiwa iko ndani, inafanya kazi yake. Ni hesabu ya mtoto. Kinachoniudhi, kinachoniudhi hadi leo nikiwa nimesimama jikoni na kijiko mkononi, ni kwamba ilikuwa pia hesabu ya mwanaume mzima mwenye masharubu.

Sauti ilianza baada ya mvua kupungua. Mwanzoni ilikuwa ndogo, tik, tik, asubuhi tu, kama saa ya ukutani. Kisha ikakaa. Kisha ikakua, tak-tak-tak, ikawa inamtangulia baba kutoka ng'ambo ya bonde. Nami niliipenda. Lazima niliseme hili jinsi lilivyokuwa: niliipenda ile sauti kuliko sauti yoyote duniani. Pikipiki nyingine zote zilinguruma namna moja. Ya baba ilikuwa sasa na mdomo wake. Ikifika kwenye daraja nilikuwa nimeisikia, nikaacha kazi niliyokuwa nafanya, nikasimama kwenye ua wa miti ya waridi mwitu, na wakati anatokeza kwenye kona mimi nilikuwa naruka kwa mguu mmoja nikifuata mdundo wake. Nilidhani ni salamu. Nilidhani pikipiki, baada ya kukaa nasi muda, imenizoea kama ng'ombe anavyomzoea anayemkamua, na inaniita.

Mama hakuruka. Alikuwa akipepeta maharagwe jioni moja baba alipoingia uani, akaacha ungo hewani.

"Njeru, hiyo kitu inakauka. Fungua uone."

"Nifungue nini, na haivuji?"

"Sijasema inavuja. Nimesema inakauka."

Baba alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakichovya, akakileta hadi puani pa mama. "Ona. Imejaa. Oili iko."

"Na maji si yako mtoni? Mbona mfereji wetu ni mkavu?"

Mfereji wetu wa maji ya mradi ulikuwa umezibwa na matope huko juu msituni, na wanaume walikuwa wamekutana mara nyingi kuuzungumzia. Baba akacheka.

"Pikipiki si mfereji, Mama Wawira."

"Haya. Mimi nimesema."

Na hapo ndipo mama naye huniudhi, kwa sababu alikuwa amesema kweli, na aliposema kweli mara moja aliona amemaliza. Ndivyo alivyo. Hurudia kuita kuku, hurudia kuuliza kama nimeoga, lakini jambo zito hulisema mara moja, halafu hukunja mikono na kungoja dunia imletee majibu. Kila jioni baada ya hapo sauti ilipoingia uani aliinamia ungo wake na kukaza midomo. Kila jioni baba alichomoa kijiti na kukitazama, akimwonyesha mama mgongo. Nyumba nzima ilikuwa inaisikia ile injini ikijila, na mtu pekee aliyekuwa anaizungumzia ni mimi, niliyekuwa naisifu.

Aliyeleta dawa ni Mugendi. Alikuja Jumapili baada ya misa na kibuyu cha plastiki kilichojaa oili nyeusi, nzito, inayotiririka kama asali ya baridi.

"Hii ni ya malori," akasema. "Kelele ni oili nyepesi. Weka nzito, itanyamaza. Pikipiki ni kama bibi. Mletee kitu kizito, husikii kelele."

"Ndiyo maana wako alirudi kwao?" mama akauliza kutoka jikoni.

Baba akageuza uso asicheke. Mugendi akasafisha koo. "Alienda kutembea tu, Mama Wawira."

"Anatembea mbali huyo. Tangu maharagwe ya msimu ule."

Lakini oili ilimiminwa. Na, Ngai wangu, ikanyamaza. Jumatatu pikipiki ilipanda kilima kimyakimya kama inayoenda kuiba. Baba alizima, akawasha, akazima, akamwita mama aje asikie kutokuwepo kwa sauti. Mama alikuja, akasikiliza, akarudi jikoni. Baba alichukua ule ukimya kama kuombwa msamaha.

Mimi nililia. Jioni hiyo nilisimama kwenye ua nikingoja mdundo, na baba akatokea mbele yangu ghafla kama mtu yeyote. Nilimwambia arudishe sauti ya kwanza. Nilimwambia sasa nitajuaje kama unakuja? Alinibeba juu ya tangi, akaniambia injini nzuri haiongei. Nilikuwa naomboleza kitu kibaya, naye alikuwa anafurahia kitu kibaya zaidi, na tukaingia hivyo uani, mmoja analia, mmoja anapiga mluzi.

Siku pikipiki ilipokufa nilikuwa juu yake. Baba alinichukua getini mwa shule akiwa na magunia mawili nyuma, akaniketisha katikati, mgongo wangu ukiwa umeegemea majani mabichi. Tulivuka daraja na kuanza kilima. Niliona joto kwenye mashavu ya miguu, joto la jiko, nikaikunja miguu. Kisha harufu, kama nywele zilizoguswa na pasi. Nilifungua mdomo kusema. Injini ikatoa mlio mmoja mrefu, mlio wa mnyama anayekanyagwa, na gurudumu la nyuma likakataa kuzunguka. Tulianguka polepole, karibu kwa heshima, juu ya magunia. Hakuna aliyeumia. Chai ilitupokea kama godoro.

Baba aliinuka, akaniinua, akanipangusa. Akainyanyua pikipiki akakanyaga kiki. Ilikuwa kama kukanyaga jiwe lililozikwa. Akakanyaga tena kwa uzito wake wote, na kiatu kikamtoka. Kisha akafanya jambo ambalo nikilikumbuka sijui nicheke au nirushe kitu ukutani. Alichuchumaa akiwa na soksi moja barabarani, akachomoa kijiti, akakifuta kwenye suruali yake ya kazi, akakichovya, akakichomoa na kuniinulia.

"Ona, Wawira. Si imejaa? Si unaona imejaa?"

Nilimwambia naona. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na ng'ombe akasimama, na baba akamwonyesha naye. Mzee akakitazama kile kijiti kwa makini, akasema imejaa kabisa. Ng'ombe akaanza kula chai ya watu.

Waliikokota hadi kwa Nyaga kwa pikapu ya jirani. Sikuwa na shule siku injini ilipofunguliwa, baba akanichukua. Wale wa kwenye matairi walikuwepo wote. Nyaga alifungua upande wa kulia, akatumbukiza vidole, akatoa kichujio cha oili, kile cha waya kinachokaa chini kabisa, na kukiinua kwenye mwanga. Hakikuonekana waya. Kilikuwa kimevikwa ngozi ya kijivu, laini, kama malai juu ya maziwa. Akaibandua kwa ukucha. Ikatoka vipande, vinyuzi, mikia mirefu ya mpira. Kisha akafungua juu, akatuonyesha vyuma vilivyotakiwa kuogelea kwenye oili. Vilikuwa vimechimbika na kugeuka rangi ya buluu.

"Oili yote ilikuwa chini," Nyaga akasema. "Hakuna iliyopanda. Pampu inavuta, inapata gundi. Halafu tena mtu ameongeza oili ya lori, ile hata mlango ukiwa wazi huingia kwa kusukumwa." Akacheka, kisha akauliza, si kwa ubaya, kama mtu anayeuliza hali ya hewa: "Nani alifunga hii injini?"

Nilimtazama baba. Nilikuwa na jibu tayari, nililibeba kwa fahari hata wakati huo: ni yeye, aliifunga peke yake, na haikuvuja hata tone. Baba akaniwekea mkono begani, mzito.

"Fundi mmoja tu," akasema. "Wa huko chini. Sijui jina."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lilikuwa baya. Siku ile ya Mama Ireri walicheka wote na baba akarudi kazini kesho yake. Sasa wale watu wa kwenye matairi walitazama viatu vyao, Nyaga akaendelea kufuta vidole vilivyokwisha kuwa safi, na mmoja akasema mafundi wa siku hizi ni hatari. Walimsaidia kubeba ule uongo, wote, kwa adabu. Nyaga akaeleza kwamba injini imenoki, imekwama kabisa, kwamba ukitaka kuitengeneza ni heri kutafuta nyingine. Baba aliitikia kila sentensi, ndiyo, ndiyo, kama anayepokea rambirambi.

Tulirudi kwa miguu. Njia nzima watu walimwamkia: "Njeru, leo unatembea?" Walimaanisha mema. Kesho yake hakutoka uani.

Sasa, watu wanaponiuliza kwa nini baba alirudi Muthara, ingekuwa rahisi kusema ni kwa sababu ya pikipiki. Nilikuwa nikisema hivyo kwa miaka. Sivyo. Chai ilikuwepo. Safu zetu wenyewe zilikuwepo, na za watu waliokuwa wanatafuta wachumaji. Jioni moja mama aliweka chakula mbele yake, akakaa, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Kesho naanza zile safu za juu," akasema. "Kikapu kingine kiko."

Baba akaacha kutafuna. "Changu?"

"Mugendi alichuma wakati pikipiki yake ilikuwa imeshikwa na polisi."

"Na watu wakamwona."

"Wakamwona. Halafu?"

Nilingoja hiyo "halafu" ijibiwe. Bado naingoja. Nilisema kwamba mimi nitachuma naye Jumamosi, nitamwonyesha majani mawili na kichipukizi, ni rahisi. Alinitabasamia, akatoka nje na simu, akaenda nyuma ya zizi. Tulimsikia akizungumza kwa sauti ya kuchangamka, ile sauti aliyozungumza nayo na watu wa Muthara, akiuliza habari za huyu na yule kwa majina. Aliporudi alikuwa mwepesi. Huko hakuna aliyejua habari za gundi. Huko alikuwa bado Njeru mwenye mikono mizuri.

"Ni ya muda tu," akamwambia mama.

Mama aliondoa sahani. Angeweza kusema. Ningempa maneno mwenyewe, nilikuwa nayo kifuani yamejaa hadi juu. Kaa. Watakuzoea. Nilimtazama akikwangua makombo na nikajua kwamba anahesabu kuwa ameshasema: kikapu kingine kiko. Mara moja.

Alfajiri ile ilikuwa na ukungu hadi kwenye kizingiti. Baba alivaa koti lake la kanisani. Mama alifunga nduma za kuchemsha kwenye karatasi, akaziweka mezani karibu na begi, si mkononi mwake. Nilikuwa nimevaa sare nusu, soksi mkononi.

"Nitakuja, Wawira."

"Lini?"

"Nitakuja."

"Si ungechuma tu chai?"

Akaninyoosha kola ambayo haikuwa imepinda. "Kuna mambo utaelewa ukiwa mkubwa."

Mimi ni mkubwa sasa. Nimeyatafuta hayo mambo kila upande, kwa hasira na kwa upendo, na kinachopatikana ni mwanaume ambaye aliona heri kulala nyuma ya stoo ya mtu kuliko kuonekana na kikapu mgongoni na wale waliojua kwamba alisema "sijui jina."

Alichukua begi. Alichukua nduma. Alifika mlangoni, akaufungua, na ukungu ukaanza kuingia ndani kando ya miguu yake.

"Njeru," mama akaita.

Aligeuka haraka mno. Niliuona uso wake, na nitaapa mbele ya yeyote kwamba ulikuwa uso wa mtu anayeomba azuiwe. Mama alikuwa amesimama na kitambaa cha vyombo mkononi, amekikunja, amekikunjua. Alifungua mdomo.

"Funga mlango," akasema. "Baridi inaingia."

Akaufunga kutoka nje.